Aliyefutwa Katika Mtihani: Anyamaze au Adai?

Jioni moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, kijana mmoja alinijia nyumbani. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma alipokuwa mtoto. Sasa ni mtu mzima, amemaliza masomo yake, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa akitafuta kazi ya serikali. Hatimaye aliitwa kufanya mtihani pamoja na mamia ya wenzake, nazo nafasi zilizotangazwa hazikupita ishirini. Matokeo yalipobandikwa ukutani, alilitafuta jina lake katika orodha ya walioshinda, asilione. Akalitafuta katika orodha ya walioshindwa, asilione huko pia. Lilikuwa katika karatasi ya tatu, karatasi fupi yenye majina manne, na juu yake yameandikwa maneno haya: Waliofutwa kwa udanganyifu.

Hakuna aliyekuwa amemwita. Hakuna aliyemwuliza neno lo lote. Karani wa mlangoni alimwambia tu ya kuwa msimamizi wa chumba aliandika taarifa, na ya kuwa wakubwa wamekwisha kuamua. Taarifa hiyo yasema nini? Karani hajui. Anayejua ni nani? Yuko safarini.

Nyumbani kijana alipata mashauri matatu. Mama yake alimwambia amwachie Mungu, kwa maana Mungu ndiye aonaye. Mjomba wake, mtu azijuaye njia za mjini, alimwambia ya kuwa yuko mtu ndani ya ofisi ile. Itafutwe bahasha, na jambo litakwisha kimya kimya. Rafiki zake nao walimwambia aitangaze habari yake kila mahali kwa simu, awataje wakubwa kwa majina yao, ili nao waonje aibu kama alivyoionja yeye.

“Na wewe, Mwalimu, wasemaje?”

Sikumjibu jioni ile. Nilimwambia arudi baada ya juma moja. Swali lake lilinizuia usingizi, na kwa kuwa nadhani vijana wengi wa parokia zetu wanalo hilo hilo, naliandika hapa: je, mtu aliyefutwa katika mtihani kwa kosa ambalo halikubali, yampasa anyamaze, au yampasa adai? Na akidai, adai nini?

Kabla ya kumtetea ye yote, tuseme kweli juu ya kosa lenyewe. Udanganyifu katika mtihani wa serikali si mchezo wa watoto wa shule. Mahali palipo na nafasi ishirini, mwenye kuingia kwa hila humtoa mwenziwe aliyeingia kwa jasho, na huyo aliyetolewa hatajua kamwe ni nani aliyemwibia. Wala wizi huo hauishi siku ya mtihani. Mtu asiyejua hesabu atawekwa kuhesabu dawa za hospitali, au mishahara ya waalimu, kwa muda wa miaka thelathini. Mimi mwenyewe nimesimamia mitihani mara nyingi, nami najua uchungu wa msimamizi mwema anapoona vijana wakipeana karatasi huku wakimtazama usoni kana kwamba yeye ni kipofu. Ukali wake una sababu. Tunachouliza sisi ni kama ukali huo waweza kutenda kazi bila masikio.

Watu wengi hudhani shida hii ni mpya, imeletwa na simu na wingi wa wasomi. Sivyo. Nchi ya Uchina ilichagua maofisa wake kwa mitihani kwa muda wa kama miaka 1,300, mpaka mitihani hiyo ilipofutwa mwaka 1905. Padri Matteo Ricci, Mjesuiti aliyekufa Beijing mwaka 1610, aliiona kwa macho yake akaieleza kwa mshangao. Watahiniwa walipekuliwa mlangoni, wakafungiwa kila mmoja katika kijumba chake. Walipomaliza, makarani walizinakili karatasi zao zote kwa wino mwekundu, ili msahihishaji asiutambue mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Hata leo ni vigumu kupata mtihani uliolindwa namna hiyo. Na hata hivyo, humo humo ndimo ilimotokea habari ambayo Wachina hawajaisahau mpaka sasa.

Mwaka 1498 kijana mmoja wa mji wa Suzhou, jina lake Tang Yin, mwana wa muuza vyakula, alikuwa wa kwanza katika mtihani wa jimbo uliofanyika Nanjing. Mwaka uliofuata akaenda Beijing kufanya mtihani mkuu, akifuatana na rafiki yake tajiri aitwaye Xu Jing. Wote wawili hawakuificha furaha yao. Walizitembelea nyumba za wakubwa, na kati ya wakubwa hao alikuwamo mtaalamu mmoja mwenye sifa, Cheng Minzheng. Walimpelekea zawadi, kama wanafunzi wa nchi ile walivyozoea kuwafanyia waalimu. Kisha Cheng huyo akawekwa kuwa mmoja wa wasahihishaji wawili wakuu, pamoja na Li Dongyang. Matokeo yalikuwa hayajatangazwa bado, na tayari uvumi umeujaza mji: wale wawili waliyajua maswali kabla. Afisa mmoja, Hua Chang, akapeleka mashtaka kwa Kaisari.

Kaisari alianza vizuri. Alimzuia Cheng asiendelee kusahihisha, akamwamuru Li Dongyang azitazame karatasi upya. Li akazitazama, akaleta jibu: karatasi za wale vijana wawili hazikuwamo kabisa kati ya zile alizozichagua Cheng.

Mtu angedhani neno limekwisha hapo. Halikwisha. Wote walitiwa kifungoni. Xu Jing, chini ya mapigo, alikiri ya kuwa aliyanunua maswali kwa mtumishi wa Cheng. Baadaye, mbele ya waamuzi wengine, akayakana maneno yake, akisema alikiri kwa kuogopa mateso. Mwishoni, kilichobaki mikononi mwa waamuzi kilikuwa kidogo mno: zile zawadi, na mazungumzo yaliyofanyika kabla Cheng hajawekwa kuwa msahihishaji. Basi wakakata hukumu hivi. Cheng aache kazi. Akatoka kifungoni, akafa mwaka ule ule. Tang Yin na Xu Jing waondolewe katika safu ya wasomi, wapewe vyeo vya ukarani mdogo. Na Hua Chang, yule mshtaki, naye ashushwe cheo, kwa kuwa alileta mashtaka asiyoweza kuyathibitisha.

Tazameni vizuri hukumu hiyo. Kama mshtaki alikosa kushtaki, kwa nini washtakiwa waliadhibiwa? Na kama washtakiwa walikosa, kwa nini aliadhibiwa mshtaki? Waamuzi hawakujibu swali, waligawa aibu. Kila mtu alipewa kipande chake, ili pasiwe na mtu wa kusimama na kusema kwamba serikali ilidanganywa.

Namna hiyo ya kuamua hatuwezi kuicheka, maana twaijua sana. Wazee wakikaa chini ya mwembe kuamua ugomvi wa ndugu wawili juu ya mpaka wa shamba, humwambia huyu alipe kuku, na yule alipe mtungi wa pombe, wote wanywe pamoja, na amani irudi. Katika mambo ya mpaka wa shamba hiyo ni hekima, maana shamba laweza kugawanywa. Lakini jina la mtu haligawanywi. Hakuna nusu mwizi. Mwenye kuambiwa “hatuna hakika kwamba ulidanganya, kwa hiyo tutakuadhibu kidogo tu” amefanywa mdanganyifu kamili mbele ya jirani zake, kwa maana jirani hawaulizi adhabu ilikuwa kubwa au ndogo.

Tang Yin alikataa ule ukarani. Alirudi kwao, na katika barua aliyomwandikia rafiki yake Wen Zhengming alieleza jinsi alivyopokelewa: hata mbwa wa nyumbani alimgeukia mlangoni akitaka kumwuma. Akaishi kwa kuchora picha na kuandika mashairi, na leo majumba makubwa ya sanaa yanazihifadhi kazi zake. Wako watu wasemao kwamba Mungu huandika kwa unyofu juu ya mistari iliyopinda, na kwamba bila kufutwa tusingempata mchoraji. Mimi neno hilo haliniridhishi. Wale waamuzi hawakutaka kumpa dunia mchoraji. Tena kwa kila Tang Yin mmoja, wako wangapi waliofutwa wasiojua kuchora?

Basi turudi kwa yule kijana wetu na mashauri yake matatu.

Shauri la mama lilitoka katika imani, nami naliheshimu. Yako masingizio ambayo mtu huyabeba kwa ajili ya amani, na watakatifu wengi waliyabeba. Lakini tusichanganye uvumilivu na kuuacha uwongo ukae kitini. Yezu Kristu alitufundisha kugeuza shavu la pili. Naye alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya Kuhani Mkuu, hakulipiza, wala hakunyamaza. Alimtaka yule mtu aonyeshe ni neno gani baya alilolisema. Na kama hakuna, amweleze sababu ya kumpiga. Yaani, kati ya ngumi na kimya yako maswali, na maswali ni halali. Mtakatifu Paulo naye, huko Filipi, alipigwa hadharani bila hukumu. Kesho yake wakubwa wakataka kumfungulia atoke kwa siri. Paulo akakataa, akataka waje wao wenyewe kumtoa. Sidhani alifanya hivyo kwa kiburi. Alikuwa anawaacha katika mji ule Wakristu wachache, wachanga katika imani, nao wangekaaje hapo, ikiwa mwalimu wao ametoka kwa mlango wa nyuma kama mhalifu?

Hilo ndilo nililotaka mama yule alisikie. Mwanawe hakufutwa peke yake. Kijana aliyefutwa ana wadogo zake watakaofanya mtihani mwaka ujao, katika chumba kile kile. Akinyamaza, desturi ya kufuta bila kuuliza yapata mwaka mwingine wa kukomaa.

Juu ya shauri la mjomba sitasema mengi. Anayelinunua jina lake kwa hongo huwa ndiye yule aliyeandikwa katika karatasi ya tatu, hata kama hakuwa hapo kwanza.

Shauri la marafiki ni gumu zaidi kulikataa, maana hasira yao ina haki ndani yake. Lakini jamani, kijana analalamika nini? Ya kwamba jina lake lilibandikwa ukutani kwa neno ambalo hakuulizwa. Sasa yeye alitangaze jina la msimamizi mbele ya maelfu, kwamba amekula rushwa, naye hajawahi kumwuliza? Huenda msimamizi alikosea kwa uchovu. Huenda aliona jambo la kweli, akalielewa vibaya. Mwenye kudai kusikilizwa, na aanze kwa kumwachia mwenziwe kitu kile kile anachokidai.

Inabaki njia ya nne, nayo haina utamu: kuandika barua kwa wale walioamua, na kuwaomba wasikilize. Wako watakaoniambia ya kuwa hayo ni mawazo ya vitabuni. Nawajibu kwa habari ya mtu mmoja ambaye, kusema kweli, hakuwa mtu wa kupendeza. Richard Bentley alikuwa mkuu wa chuo cha Trinity huko Cambridge, Uingereza, mtaalamu hodari, mgomvi kupita kiasi. Mwaka 1718 Chuo Kikuu kilimwondolea digrii zake zote, kwa sababu aliitwa barazani akalidharau baraza. Akapeleka neno lake mbele ya mahakama ya mfalme, na mwaka 1723 mahakama ikaamuru arudishiwe, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kujitetea kabla ya kuhukumiwa. Jaji mmoja, Fortescue, aliongeza neno ambalo wanasheria wamelikumbuka tangu siku hiyo: Mungu mwenyewe hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza. Hebu fikirini. Mungu aliyajua yote. Hakuhitaji ushahidi wa mtu. Hata hivyo alimwuliza Adamu yuko wapi, na kama amekula tunda la mti ule. Ikiwa ajuaye yote aliuliza, msimamizi wa chumba aonaye kwa macho mawili, tena kutoka mbali, atakosaje kuuliza?

Wala mahakama haikusema kwamba Bentley alikuwa mtu mwema. Kusikilizwa si zawadi ya wema. Mwenye hatia naye hana budi asikilizwe, kwa maana kabla ya kumsikiliza hatujui kama ni mwenye hatia, na hata tukijua, hatujui kipimo chake.

Hapo bwana mmoja wa ofisi aweza kusema: “Mwalimu, watahiniwa ni mamia. Tukimwita kila mmoja, tutamaliza lini?” Swali hili lina uzito, nalo limekwisha kuamuliwa mahali pengine kwa busara. Katika nchi ya India, wanafunzi watatu wa jimbo la Uttar Pradesh walikuwa wamefaulu mtihani wa mwaka 1954. Kisha, bila kuulizwa, matokeo yao yakafutwa, wakazuiwa na mtihani wa mwaka uliofuata. Mwaka 1962 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilisema: kamati yenye kumhukumu mtu kwa udanganyifu hutenda kazi ya hakimu, basi lazima imsikilize. Baadaye, katika jimbo la Bihar, ikatokea habari nyingine. Kituo kimoja kizima kilipata matokeo ya ajabu katika mtihani wa 1969: walifaulu karibu themanini kwa mia, ambapo katika vituo vingine walifaulu kama hamsini. Baraza la mitihani likaufuta mtihani wa kituo chote. Mwaka 1970 mahakama ile ile ikakubali kwamba hapo halikulazimika kumwita kila mtoto, kwa sababu hakuna mtoto aliyenyoshewa kidole. Mtihani ndio ulioonekana mbovu, si mtu fulani. Nao waliweza kuufanya tena.

Naona tofauti hiyo ni ya kweli, hata mbele ya dhamiri. Ukitia shaka juu ya mtihani, urudie mtihani. Ukitia shaka juu ya mtu, mwite mtu. Lililo baya ni kumtia mtu alama ya udanganyifu kwa urahisi ule unaotumika kuufuta mtihani.

Na sheria za kwetu Kongo hazisemi kinyume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi wa serikali yataka watu waingie kazini kwa mtihani wa kushindana, si kwa udugu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 19, yathibitisha haki ya mtu kusikilizwa na hakimu wake kwa wakati unaofaa, na haki ya kujitetea. Katiba hiyo hiyo yalipa baraza la mahakama liitwalo Conseil d'État uwezo wa kuzitangua amri za wakubwa wa serikali zinazovunja sheria. Najua umbali uliopo kati ya karatasi na mlango wa ofisi. Mimi si mtoto. Lakini mtu asiyegonga hawezi kusema mlango ulifungwa. Tena siku za kulalamika zina mwisho wake, nazo hupita upesi kwa mtu anayekaa nyumbani akihuzunika.

Nilikuwa nimeyaweka maneno hayo tayari moyoni, kijana aliporudi juma la pili. Alikaa kitako, akatazama chini, akasema: “Mwalimu, kuna neno sikukwambia. Nilikuwa na simu.”

Kanuni za mtihani zilikataza simu. Yeye aliingia nayo mfukoni, imezimwa, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia nje, na simu inayoachwa nje huibiwa. Katikati ya mtihani aligusa mfuko wake. Msimamizi akaona. Hiyo, alidhani, ndiyo taarifa. Hakupokea jibu lo lote kwa simu ile. Naliapa, akasema, kwa kaburi la baba. Mjomba alikuwa amekwisha kumfundisha: simu isitajwe kamwe. Hakuna aliyeishika, hakuna aliyeiona wazi. Andika kwamba hukuwa na kitu.

Hapa, wasomaji wapenzi, swali liligeuka. Kumtetea asiye na doa ni kazi nyepesi. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoshtakiwa bila kuwa na doa kabisa? Tang Yin naye alikuwa amepeleka zawadi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliandika jambo hili kwa makini, katika sehemu ya kitabu chake kikubwa inayomhusu mshtakiwa. Afundisha kwamba ni halali kukata rufani, ikiwa mtu anatumaini haki ya neno lake. Lakini si halali akifanya hivyo kwa hila tu, ili kuchelewesha hukumu ya haki. Afundisha tena kwamba mshtakiwa anayeulizwa na mwenye mamlaka, kwa utaratibu wa sheria, amefungwa kusema kweli. Akiulizwa nje ya utaratibu huo, halazimiki kujibu. Aweza kunyamaza juu ya neno asilolazimika kulitoa. Kusema uwongo, hapana, hata kidogo, hata kwa kuokoa nafsi yake.

Basi kijana angeweza kunyamaza juu ya simu? Tulibishana karibu saa nzima. Ningesema ndiyo, kama shtaka lingekuwa jingine. Hakuna anayelazimika kuufungua mfuko wake mbele ya kila mpita njia. Lakini shtaka lenyewe, kwa kadiri alivyolijua, lilikuwa simu. Kuomba kusikilizwa juu ya jambo, na kulificha jambo lile lile, ni kuwaomba watu wasikilize kitu kingine. Tena akisema “sikuwa na kitu,” na msimamizi ana hakika aliuona mkono ukigusa mfuko, maneno yote yaliyo ya kweli katika barua yatasomwa kwa macho ya neno moja la uwongo. Hiyo ni hasara ya hapa duniani. Ile ya mbinguni aijua mwenyewe.

“Lakini nikisema,” akajibu, “nimejifunga mwenyewe kamba shingoni.”

Sikumficha. Huenda ikawa hivyo. Anayesema kweli hana hakika ya kushinda, na mimi siwezi kumwahidi kitu nisicho nacho. Nilimwambia neno moja tu. Wale waamuzi wa Beijing walikosa kwa sababu waliyachanganya makosa: zawadi, uvumi, mapigo na aibu ya Kaisari, vyote wakavitia katika chungu kimoja. Wewe usiwasaidie wako kufanya hivyo. Yatenge. Kuingia na simu ni kosa, lina jina lake na adhabu yake, likubali. Kupokea majibu ni kosa jingine, zito zaidi, ulikatae. Ukiyaficha yote mawili, watayaadhibu yote mawili kwa pamoja. Waombe wakwambie ni lipi wameliandika, na kwa kanuni gani. Waombe nakala ya taarifa. Waombe siku ya kuonana nao, msimamizi akiwapo, aulizwe alichokiona na alikuwa amesimama wapi. Karatasi yako isomwe, ipimwe na za wenzako. Majibu yaliyotumwa kwa simu hufanana, na majibu ya mtu aliyehangaika peke yake huwa na makosa yake mwenyewe.

Mwisho huo ulimfanya acheke, mara ya kwanza tangu aje. Akasema kwamba katika swali la tano alikosea vibaya mno, kosa ambalo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kumtumia.

Aliiandika barua mbele yangu, kurasa mbili. Simu imo katika sentensi ya pili. Hakumtukana mtu. Hakumtaja msimamizi ila kwa kazi yake. Hakuomba apewe nafasi. Aliomba asikilizwe, na kama kosa la simu latosha kumwondoa, basi aondolewe kwa kosa hilo, na neno udanganyifu lifutwe mbele ya jina lake. Mjomba alipoisoma, aliirudisha mezani bila kusema kitu, akatoka nje. Mama alitaka asomewe mara mbili.

Kesho yake tulikwenda pamoja. Karani yule yule aliipokea, akaitazama, akapiga mhuri juu ya nakala yetu pamoja na tarehe. Hilo ni jambo la kusisitiza, vijana: msiache barua bila nakala yenye mhuri. Nakala hiyo ameiweka katika bahasha moja na cheti chake cha ubatizo na shahada zake. Ninapoandika haya jibu halijafika. Jumatatu atakwenda kuuliza tena.